Hitilafu Inayokuja na Kutoweka: Namba za Nafasi katika Orodha za Kompyuta

Miongoni mwa hitilafu zinazomsumbua mwanafunzi wa utungaji wa programu za kompyuta, hakuna inayochosha kama ile inayotokea leo, kesho isionekane, na keshokutwa ikarejea. Mashine iliyokufa kabisa huchunguzwa kwa urahisi; inayokwama mara mojamoja humfanya fundi aamini kwamba imepona. Makala haya yanaeleza hitilafu moja ya namna hiyo, ambayo huzikumba sana programu za tovuti: programu kuomba kitu kilicho katika nafasi isiyokuwamo ndani ya orodha.

Jinsi nafasi zinavyohesabiwa

Katika lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na katika lugha nyingine nyingi za kompyuta, nafasi za orodha huhesabiwa kuanzia sifuri. Orodha yenye vitu 6 ina nafasi ya 0 hadi ya 5. Nafasi ya 6 haipo. Mwaka 1982 mtaalamu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, aliutetea utaratibu huo katika waraka mfupi. Alieleza kwamba yafaa namba ya mwanzo ihesabiwe kuwa imo na ya mwisho kuwa haimo, kwani hapo tofauti ya namba hizo mbili huwa sawasawa na idadi ya vitu.

Mfano wa methali

Uchukuliwe mfano wa tovuti ndogo inayomwonyesha kila mgeni methali moja kati ya 6, kwa kubahatisha. Mwanafunzi ameagiza ichaguliwe namba yoyote kuanzia 0 hadi 6 kwa amri iitwayo randint. Amri hiyo huzihesabu ncha zote mbili. Hivyo namba zinazoweza kutoka ni 7, ilhali methali ni 6. Kwa wastani, ombi moja katika kila maombi 7 hukwama.

Uwezekano wa kujaribu mara 10 bila kukwama hata mara moja ni 6/7 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani asilimia 21 hivi. Maana yake ni kwamba katika wanafunzi 100 wenye kosa lilelile, wapatao 21 wataondoka wakiamini kuwa kazi yao ni njema. Hata majaribio 30 kwa kila mmoja yangemwacha mmoja hivi akidanganyika. Hivyo basi, kutoonekana kwa hitilafu si ushahidi kwamba haipo.

Vyanzo vingine

Chanzo cha pili ni habari pungufu. Programu hutarajia mstari wenye jina, kijiji na namba ya simu, vikitenganishwa kwa mkato. Mtu akiacha sehemu moja pamoja na mkato wake, orodha hupata vitu 2 badala ya 3, na nafasi ya 2 huwa haipo.

Chanzo cha tatu hujitokeza kwenye seva. Aghalabu seva huendesha nakala kadhaa za programu kwa wakati mmoja, na kila nakala huwa na kumbukumbu yake. Kitu kilichoongezwa kwenye orodha ya nakala moja hakijulikani kwa nyingine. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi, yenye nakala moja tu, kosa hilo halionekani. Dawa yake ni kuiweka orodha katika hifadhidata inayotumiwa na nakala zote.

Njia ya uchunguzi

Kwanza, usomwe ujumbe wa hitilafu, kwani hutaja mstari uliokwama. Pili, kabla ya mstari huo programu iandike kumbukumbu ya mambo mawili: namba iliyoombwa na idadi ya vitu vilivyomo. Idadi ikiwa 0, orodha haikujazwa. Ikiwa pungufu kuliko ilivyotarajiwa, habari zilizoingia zichunguzwe. Ikiwa kamili, na namba iliyoombwa ni sawa na idadi hiyo, mpaka umezidishwa kwa moja. Tatu, mipaka ijaribiwe kwa makusudi: nafasi ya 0, ya mwisho, inayoifuata, na orodha tupu. Katika mfano wa methali, yatosha kuagiza 0 hadi 5.

Haifai kuiamuru programu inyamazie kila hitilafu. Katika Python nafasi ya -1 ni halali, nayo humaanisha kitu cha mwisho. Programu ya zahanati inayopunguza 1 kutoka namba iliyoandikwa na karani, ikipewa 0 kwa bahati mbaya, itatoa jina la mgonjwa wa mwisho bila onyo lolote, na dawa yaweza kupewa asiyestahili. Kwa sababu hiyo, kila namba itokayo kwa mtumiaji ikaguliwe kwanza: isipungue 1 wala isizidi idadi ya vitu vilivyomo. Isipofaa, mtumiaji aambiwe waziwazi aandike upya.