Somo: Tulinde Sukuma Yetu Bila Sumu



Shamba la gunia si jambo geni kwetu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa Solidarités International lilianza mwaka 2008 kusaidia familia za Kibera kupanda mboga ndani ya magunia. Kawangware nako magunia yanaonekana kando ya milango. Lakini mama akiamka akute miche imekatwa yote, hasara si ya mboga peke yake. Samadi imepotea, maji ya kununua kwa mtungi yamepotea, na watoto watasubiri tena wiki kadhaa.

Hapo wengi hukimbilia sumu ya panya inayouzwa barabarani. Hebu tungoje kidogo. Sumu isiyo na kibandiko hatujui ni ya nini wala dawa yake. Mtoto anayetambaa ataiokota. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa, na panya watabaki bila mlinzi.

1. Tumjue mwizi kwanza
Shina likikatwa usiku, na kuna mashimo na mavi madogo meusi, huyo ni panya. Udongo ukitawanywa mchana, ni kuku. Majani yakidonolewa vipande vipande, ni ndege. Mche mzima ukiliwa au kung'olewa, tuulize mbuzi wa ploti. Kwa walio upande wa Msitu wa Ngong Road, kima nao hutoka wakitafuta chakula. Wao huvunja, huonja na kutupa.

2. Tumfungie njia
(a) Panya: Tuweke gunia juu ya meza imara, mbali na ukuta na kamba za nguo. Kila mguu wa meza tuuvishe bati laini la mkebe, apande ateleze. Tuzibe mashimo ya nyumba, hata yale madogo, kwa mawe na simiti. Takataka na mabaki ya ugali yasilale nje, kwani hayo ndiyo yanayomwita.
(b) Kuku na ndege: Tufunike miche kwa mifuko ya wavu ya vitunguu, tukiishikilia kwa fito ili isilale juu ya majani. Tuifunge chini ndege asinaswe.
(c) Mbuzi: Tuongee na jirani kabla ya kugombana. Ua la mbao kuukuu likijengwa na watu wawili ni nafuu kuliko kesi kwa chifu.
(d) Kima: Tusiwalishe kamwe, maana akizoea mkono wako hataogopa gunia lako. Tuchume mboga mapema zikikomaa. Tusiwaue wala kuwatega. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda. Wakizidi, kikundi kipeleke habari kwa KWS.

3. Tulinde afya
Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima panya wa Kibera, ukakuta baadhi yao wana vijidudu vya leptospira. Vijidudu hivi hutoka na mkojo wa panya, vikaingia kwa mtu kupitia kidonda, macho au mdomo. Kwa hiyo tufunike vidonda na kuvaa viatu tukishika udongo, tunawe kwa sabuni, tuoshe mboga kwa maji safi na kuipika. Mwenye homa kali, maumivu ya misuli au macho ya manjano aende kliniki upesi, na amwambie daktari kwamba kwao kuna panya.

Jambo moja tukumbuke: panya hajui mpaka wa ploti. Ukisafisha kwako peke yako, atahamia kwa jirani na kurudi usiku. Kazi hii ni ya mstari mzima wa nyumba.

Maswali ya kujadili
- Katika magunia yetu, ni mwizi gani anayesumbua zaidi? Tumeona alama gani?
- Takataka za ploti yetu hulala wapi usiku?
- Ni nani kati yetu ana sumu nyumbani, na mtoto anaweza kuifikia?

Kazi ya wiki hii: Kila nyumba izibe shimo moja na kufunika gunia moja. Tukutane tuone matokeo.