Oksidi za Metali, Mwanga na Bakteria

Titani dioksidi ni unga mweupe uliomo katika rangi za kuta na dawa nyingi za meno. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba oksidi hiyo, ikimulikwa, husaidia kuyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake waliripoti kwamba chembe zake zilizotiwa platini huua vijidudu zikiwa mwangani.

Mwanga wenye nishati ya kutosha ukiipiga chembe, elektroni huruka na kuacha pengo lenye chaji chanya. Elektroni hiyo huungana na oksijeni na kuzaa supaoksidi. Pengo nalo huyanyang'anya maji elektroni, ikazaliwa radikali ya haidroksili. Radikali hii huchanachana mafuta ya utando wa bakteria, na yaliyomo ndani ya seli huvuja. Huishi muda mfupi mno, kwa hiyo humdhuru tu kijidudu kilichogusana na chembe au kilicho karibu nayo sana. Hapo ndipo udogo unapokuwa na faida: kipenyo cha chembe kikipungua mara 10, uzito uleule wa unga hupata eneo la uso mara 10 zaidi.

Tatizo ni mwanga wenyewe. Titani dioksidi ya aina ya anatasi huhitaji miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi usiozidi takriban nanomita 388. Miale hiyo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayofika ardhini, na taa za kawaida za LED karibu hazina kabisa. Ukuta wa wodi uliopakwa oksidi hiyo, usiku, ni ukuta tu.

Zinki oksidi ina nafuu kidogo, kwani hutoa ioni za zinki zinazowavuruga bakteria hata gizani, ingawa zikizidi huziumiza pia seli za binadamu.

Aidha, damu na makohozi yaliyogandamana juu ya uso huziba mwanga na kuzimaliza radikali kabla hazijawafikia bakteria. Usafi wa sabuni na maji hutangulia. Hospitali inayouziwa rangi ya namna hii haina budi kuuliza ilipimwa vipi: kipimo cha ISO 27447 hutumia urujuanimno, ilhali ISO 17094 hutumia mwanga wa taa za ndani.