Swali fupi linalouza: "Nyekundu au kijani?"

Somo la leo linatoka New Mexico, Marekani. Mtalii akiagiza burito ya asubuhi, yaani chapati ya ngano iliyokunjiwa mayai, viazi na jibini, anaulizwa: "Nyekundu au kijani?" Hapo ni mchuzi wa pilipili. Hilo ndilo swali rasmi la jimbo, limepitishwa kabisa! Na pilipili ni ile ile: ya kijani imechumwa mapema ikachomwa, nyekundu imeachwa iive ikakaushwa. Ukishindwa kuchagua unajibu "Christmas", unaletewa zote mbili.

Sasa angalia inboksi yako. Mteja kauliza dera, wewe unamtupia picha 40 na "chagua dear". Anachoka, anapotea, hela inaenda kwa mwingine.

Fanya hivi:
1. Uliza saizi kwanza.
2. Mpe mawili tu, na yawepo kweli: "La bluu au la njano?"
3. Akisita, mpe njia ya tatu: "Chukua yote, usafiri unalipa mara moja."

Hujaongeza mzigo wala mtaji, umebadilisha swali tu. Jaribu leo kwa wateja watatu, kisha utuambie wangapi wamelipia.