Gari Limesimama, Pikipiki Je?



Pikipiki si kitu kigeni kwako. Huenda hata kijijini kwenu zipo. Zinapeleka wagonjwa zahanati. Zinabeba mahindi na mkaa. Ukisikia mlio wake kijijini, unajua inatokea upande gani, nawe unasogea pembeni. Barabara ni moja na mlio ni mmoja.

Mjini mambo ni mengine. Huko milio ni mingi kwa wakati mmoja. Sikio haliwezi kukuambia pikipiki inatokea wapi. Ni lazima jicho lifanye kazi hiyo, na jicho nalo huzibwa na magari makubwa.

Somo hili ni kwa ajili ya mtu anayekwenda mjini na kutembea kwa miguu. Mfano wetu ni jiji la Dar es Salaam. Lakini ukienda Mwanza, Arusha au Mbeya utakuta mambo ni yale yale.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Tumwite Shangazi, maana alikuwa anakwenda kumtembelea mtoto wa kaka yake anayeishi Manzese. Alikuwa amejitwika kikapu cha mchele. Mkono mmoja ulishika kikapu, na mkono wa pili ulimshika mjukuu wake. Alifika kwenye kivuko cha punda milia katika Barabara ya Morogoro. Alisimama, akangoja. Alifanya vizuri.

Daladala ikaja ikasimama mbele ya kivuko. Dereva akampungia mkono, yaani, "Pita, mama." Shangazi akashukuru, akaanza kuvuka. Alipomaliza tu upana wa ile daladala, pikipiki ikatokea upande wa pili wa gari hilo. Mwendesha pikipiki hakumwona Shangazi. Shangazi naye hakuiona pikipiki. Daladala ilikuwa imesimama kati yao kama ukuta.

Kioo cha pikipiki kilinasa ncha ya kanga yake. Akaanguka kwa magoti. Kikapu kikamwagika. Mtoto alibaki amesimama analia, akiwa mzima. Mwenye pikipiki hakusimama.

Hebu tufikiri kidogo. Je, Shangazi alikosea wapi? Watu wengi watasema alikosea kwa kuwa hakuangalia. Lakini aliangalia. Tatizo ni kwamba aliangalia mara moja tu, akiwa bado pembeni mwa barabara. Daladala iliposimama, yeye alidhani barabara yote imesimama. Dereva aliyempungia mkono alikuwa mtu mwema, lakini aliweza kusimamisha gari lake peke yake. Hakuwa na uwezo wa kuwasimamisha waliokuwa nyuma yake.

Sheria inasema nini? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa mtu anayevuka kwenye kivuko haki ya kupita kwanza. Mwenye chombo hana budi kumngoja, awe na basi, gari dogo au pikipiki. Sheria hiyo pia inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa kuwa ndio mwisho katika maeneo ya mji. Kwa hiyo mwendesha pikipiki yule alivunja sheria. Jambo hilo halina ubishi. Lakini goti la Shangazi ndilo lililochubuka, na siku nyingine lingeweza kuvunjika.

Basi, ufanyeje gari likisimama ili upite? Pita mbele yake polepole mpaka ufike kwenye taa yake ya mwisho, ile ya upande wa katikati ya barabara. Hapo simama. Usitoe mwili. Chungulia kwa kichwa, kama unavyochungulia mlangoni kabla ya kutoka usiku. Ukiona hakuna kinachokuja, vuka sehemu inayofuata. Ukikuta gari jingine limesimama, fanya vile vile tena. Madereva watapiga honi. Waache wapige. Honi haivunji mfupa.

Kama una mzigo kichwani, jua kwamba shingo yako haigeuki vizuri. Teremsha mzigo kabla ya kuvuka, uubebe mkononi au begani. Mtoto mshike kifundo cha mkono, usimshike vidole, kwa maana vidole huteleza. Kanga au kofia iliyofunika masikio na pembe za macho isogeze nyuma kwa dakika hiyo moja. Simu nayo ingoje.

Sasa tuangalie upande wa kuangalia. Katika nchi yetu vyombo hupita kushoto. Kwa hiyo ukiingia barabarani, magari ya kwanza hutoka kulia kwako. Ukivuka katikati, magari hutoka kushoto. Ndiyo maana tulifundishwa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Fundisho hilo bado ni zuri. Ila lilitungwa kwa ajili ya vyombo vinavyofuata upande wake. Pikipiki nyingi za mjini hazifuati. Utazikuta zikija upande usio wao ili zisizunguke mbali. Utazikuta kwenye njia ya waendao kwa miguu, hasa wakati wa foleni. Taa nyekundu ikiwaka, magari husimama, na pikipiki huchomekea katikati ya magari mpaka zifike mbele. Kwa hiyo tazama pande zote mbili kila unapoanza sehemu mpya ya barabara, hata kama ni barabara ya upande mmoja.

Barabara ya Morogoro ina jambo jingine. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katikati yake, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mabasi hayo yana njia zake peke yake, na vituo vyake viko katikati ya barabara. Ili ufike kituoni ni lazima uvuke njia za magari ya kawaida kwanza. Njia za mwendokasi mara nyingi huonekana tupu. Hapo ndipo watu hulegea. Basi likitokea, hutokea kwa kasi, na huweza kutoka upande wowote kwa kuwa njia ziko mbili. Aidha baadhi ya bodaboda huingia humo ili kukwepa foleni, ingawa hairuhusiwi. Njia ikiwa tupu ndivyo nao wanavyozidi kukimbia.

Tufanye hesabu. Chukua kalamu na daftari.

Pikipiki inakwenda kilomita 50 kwa saa. Kilomita 50 ni mita 50,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 50,000 kwa 3,600. Utapata karibu 14. Maana yake, kila sekunde moja pikipiki hiyo inakwenda mita 14.

Wewe unatembea mita moja na kidogo kwa sekunde. Barabara yenye njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Utahitaji sekunde 6 kuivuka. Katika sekunde hizo 6 pikipiki itakwenda mara ngapi mita 14? Mara 6. Ni mita 84. Huo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira. Kwa hiyo pikipiki ikiwa golini upande ule, nawe uko golini upande huu, usiseme kwamba iko mbali. Ingoje ipite.

Tena mwendesha pikipiki akikuona ghafla, hupita kama sekunde moja kabla mkono wake haujabana breki. Mita 14 zimekwisha kwenda. Kisha breki nazo zinahitaji mita nyingine zaidi ya 10 ili pikipiki isimame. Mvua ikinyesha, au akiwa amepakia mshikaki, yaani abiria wawili au watatu, mita hizo huongezeka.

Turudi kwa Shangazi. Watu walimsaidia kuokota mchele uliobaki safi. Mtoto wa kaka yake alipopigiwa simu alifika upesi. Naye alifika kwa pikipiki, maana kazi yake ni bodaboda.

"Shikamoo, Shangazi. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha kupoa. Ila nataka kukuuliza. Na wewe hupita hivyo?"

Kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Shangazi, hesabu inatukimbiza."

Tuieleze hesabu hiyo, kwa sababu wasomaji wengi wa somo hili wana vijana wao katika kazi hii. Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Kijana hupewa pikipiki na mwenye mali, na kila siku hana budi kumpelekea fedha. Fedha hizo huitwa hesabu. Wengine huandikiana mkataba kwamba baada ya muda fulani pikipiki itakuwa ya kijana. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, petroli ni shilingi 6,000, na chakula ni shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 19,000. Kama abiria mmoja analipa shilingi 1,000, kijana huyo atabeba abiria 19 kabla ya kupata shilingi yake ya kwanza. Siku ya mvua abiria ni wachache, lakini hesabu haipungui.

Mimi siamini kwamba bodaboda wote ni wahuni, kama watu wengine wanavyopenda kusema. Kazi hii imewapa vijana wengi mkate. Serikali ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010, kwa hiyo ni kazi halali. Lakini mbio zile zinaleta faida gani? Safari ya kilomita 3 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa huchukua dakika 4 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao sheria inaukataza mjini, huchukua dakika 3. Kijana ameokoa dakika moja na nusu. Kisha atafika kijiweni na kungoja abiria mwingine nusu saa.

Shangazi hakuijua hesabu hiyo ya dakika. Alisema tu, "Leo ningekufa kwa ajili ya shilingi elfu moja ya mtu."

Mwambieni kijana wenu jambo hili kabla ya kumtafutia pikipiki. Na kama mzee ndiye mwenye pikipiki, akae atazame upya kiasi cha hesabu anachodai. Mwenye mali hukaa nyumbani, lakini mkono wake umo katika mbio zile. Nawe ukipanda bodaboda, una haki ya kumwambia apunguze mwendo. Mwambie mapema, kabla hajaondoa pikipiki. Dai kofia ngumu yako, na uifunge kidevuni. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka.

Kuna jambo moja ambalo wewe uliyejifunza kusoma unaliweza, na ambalo Shangazi hakuliweza. Kila pikipiki ina kibao cha namba nyuma. Namba ya pikipiki huanza na herufi mbili, M na C. Kisha hufuata tarakimu tatu, na mwisho herufi tatu. Ukigongwa, au ukimwona mtu amegongwa, soma kibao hicho upesi. Kisome kwa sauti, ili na wengine wasikie. Kiandike hata mkononi kwa kalamu.

Kwa nini namba? Kwa sababu kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa nacho. Bima ni fedha iliyokwisha kulipwa kwa ajili ya hatari. Mtembea kwa miguu aliyeumizwa anaweza kudai malipo. Lakini atamdai nani, kama pikipiki haijulikani? Polisi nao hawataweza kumtafuta mwenyewe. Kwa hiyo piga simu polisi, namba 112, na uwatajie namba uliyoisoma. Polisi watatoa fomu iitwayo PF3, ambayo huonyesha hospitali kwamba mtu ameumia katika ajali. Itunze fomu hiyo pamoja na karatasi zote za matibabu.

Majeruhi aliyelala barabarani asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono, wala asikalishwe. Huenda shingo au mgongo umevunjika. Zuieni magari kwanza. Kama damu inatoka, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kisha tafuteni gari ambalo anaweza kulala akiwa amenyooka. Usimpandishe juu ya pikipiki.

Shangazi alikaa Manzese siku nne. Siku ya kurudi, kijana alimsindikiza. Pikipiki aliiacha nyumbani, wakavuka kwa miguu. Walipofika kwenye taa ya mwisho ya daladala iliyosimama, wote wawili walichungulia.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini Shangazi hakuiona pikipiki, ingawa aliangalia kabla ya kuvuka. Chora daladala, pikipiki na Shangazi katika daftari lako.

2. Pikipiki inakwenda mita 14 kwa sekunde. Mzee mwenye fimbo anahitaji sekunde 10 kuvuka barabara. Pikipiki itakwenda mita ngapi katika muda huo?

3. Nenda mahali pikipiki zinapoegeshwa kijijini kwenu. Andika namba za pikipiki tatu. Msomee mwenzako, naye aziandike bila kuangalia daftari lako. Linganisheni.

4. Jadilianeni darasani: katika kijiji chetu, hesabu ya siku ni shilingi ngapi? Nani aliipanga?