Somo juu ya Asali Inayoganda Ufipa

Watu wengi hununua asali laini, na baada ya siku chache za baridi huikuta imekuwa nyeupe na ngumu ndani ya chombo. Ndipo husema, "Muuzaji ametudanganya, ametia sukari." Basi na tulichunguze jambo hili kwa utaratibu, maana jina jema ni mali ya mtu, nalo likiisha kuharibika ni vigumu kulitengeneza.

Kwanza tuiangalie nchi. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Bonde la Rukwa liko chini yake kwa mita 1,000 hivi. Mtu akipanda kiasi hicho, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Kwa hiyo mwezi wa Juni au Julai watu wa juu hujifunika blanketi, na wa bondeni wangali wakiona joto.

Pili tuwatazame nyuki. Nyuki huchukua mbochi, yaani maji matamu ya maua, akaitia katika sega. Wenzake hupunga mabawa hata maji mengi yakauke. Asali ikiisha kuiva, huziba vijumba vyake kwa nta. Asali ya namna hii ina maji chini ya sehemu 20 katika 100. Yaliyobaki karibu yote ni sukari, hasa za aina mbili, glukosi na fruktosi. Glukosi haiwezi kuyeyuka yote katika maji machache hivyo, basi hujitenga ikawa chembechembe. Baridi ya digrii 14 hivi huihimiza sana. Kwa hiyo asali iliyotiririka bondeni, ikipandishwa Sumbawanga, yaweza kuganda bila mtu kutia kitu. Tena maua hayafanani: asali ya maua mengine huganda upesi, ya mengine hukawia.

Walakini kuganda si ushahidi wa usafi, maana sukari iliyochemshwa nayo huweza kuganda. Wala kijiti cha kiberiti, wala sisimizi, havitoshi kuamua neno hili. Yafaa zaidi kumjua mrina asali, na kumwuliza kama alikata masega yaliyozibwa tu, akayaacha yenye majana. Asali iliyokatwa kabla ya kuiva ina maji mengi, nayo huchacha.

Aliye na asali iliyoganda akiweke chombo katika maji ya moto ambayo mkono waweza kuyavumilia, asikitie motoni. Nayo italainika polepole.

Na kama tulimhukumu jirani yetu kwa kosa lililofanywa na baridi ya nchi, twende kwake tukamwambie hivyo, mbele ya wale wale waliotusikia tukimshitaki.