Mbatiany na Wanawe Wawili

Ndugu msomaji, ukisimama Karatu unauona msitu wa Ngorongoro. Nyuma ya msitu huo iko kreta, na huko ni kwa Wamasai. Leo tusome habari za kiongozi wao wa zamani, Mbatiany.

Mbatiany alikuwa laiboni mkuu, wa ukoo wa Inkidongi. Laiboni si mfalme. Hatozi kodi. Mambo ya watu huamuliwa na wazee barazani. Kazi ya laiboni ni kuombea, kutabiri na kutoa dawa. Lakini morani hawakwenda vitani bila baraka yake. Hiyo nayo ni nguvu, tena kubwa.

Mbatiany alifariki karibu na mwaka 1890. Wazee husimulia kwamba alikuwa haoni vizuri. Alimwita Sendeu, mwanawe mkubwa. Akamwambia, "Njoo alfajiri nikupe rungu la ulaiboni." Mdogo wake, Lenana, alikuwa amejificha katika zizi la ndama. Akasikia yote. Alfajiri akatangulia yeye. Mzee akampa rungu akidhani ni Sendeu. Sidhani watu wa Lenana waliipenda hadithi hii!

Basi ndugu wakapigana, na watu wao wakagawanyika. Wakati ulikuwa mbaya. Homa ya mapafu iliua ng'ombe. Sotoka ikaua waliosalia. Ndui ikaua watu. Machi 1892, Mwaustria Oscar Baumann alifika Ngorongoro. Aliwakuta akina mama waliobaki mifupa, na morani waliokosa nguvu za kutembea.

Wageni nao walikuwa wamekwisha kuigawa nchi. Upande wetu ulichukuliwa na Wajerumani, na huku ndiko alikokuwa Sendeu. Lenana alikuwa upande wa Kenya, akafanya urafiki na Waingereza. Mwaka 1902 Sendeu alichoka na vita, akaenda kupatana na ndugu yake.

Mwaka 1904 Waingereza walimletea Lenana mkataba. Hakujua kusoma. Aliweka alama yake tu. Mkataba uliwatoa Wamasai katika malisho mazuri ya Bonde la Ufa. Uliahidi kwamba nchi waliyobakiziwa itakuwa yao daima. Lenana alifariki mwaka 1911. Mwaka huohuo ukaletwa mkataba mwingine, wa kuwaondoa Wamasai wa Laikipia pia.

Maswali

1. Laiboni na mfalme wanatofautiana nini?
2. Kwa nini Sendeu alimkasirikia Lenana?
3. Zungumzeni darasani: Ungekuwa mzee wa baraza mwaka 1904, ungeuliza nini kabla ya alama kuwekwa?