Chukudu na pikipiki za njia ya Manguredjipa: fanya, usifanye

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa California walikuwa wakinunua Ford kuukuu, wanang'oa madigadi na kila bati lisilo na kazi, kisha wanakwenda kushindana mbio kwenye maziwa makavu kama Muroc. Hizo ndizo hot rod. Waliokuja nyuma yao wakaunda rat rod, gari la vipande linaloachiwa kutu makusudi, na wapo wanaolipia kutu hiyo. Kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, kutu ni ya bure. Sisi tuna chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyosimamishiwa sanamu Goma mwaka 2009, na tuna pikipiki zinazokwenda karibu kilomita 100 kufuata dhahabu ya Manguredjipa. Kung'oa na kuunga mnajua. Mnachokosa ni nidhamu.

USIANZE na rangi. Chukudu isiyo na breki haihitaji jina ubavuni.

ANZA na breki. Ni kipande cha tairi tu, unakikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, nacho ndicho kinachosimama kati ya magunia ya mkaa na mama anayevuka barabara chini ya mteremko. Kikiwa chembamba, kibadilishe kabla ya kupakia. Kisigino si breki.

USICHONGE mti mbichi. Mkaratusi uliokatwa juzi utakaukia njiani na kupasuka palepale ekseli inapopita. Magurudumu yanataka mti mgumu kuliko ubao wa kubebea, yavikwe ukanda wa tairi, na vichwa vya misumari vizame kabisa ndani ya mpira. Beringi kuukuu inafaa ikiwa imeoshwa na kutiwa grisi, ikilia, itupe.

WEKA mpira mahali pa goti. Anayecheka hajawahi kupiga goti juu ya ubao mtupu kutwa nzima.

Sasa nyinyi wa pikipiki, ambao mna makosa mengi zaidi.

USICHOMELEE chochote karibu na shingo ya usukani. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma cha pale, na shingo haikupi onyo kabla ya kukatika. Keria ndefu ya nyuma ifungwe kwa bolti. Ikibidi kuchomelea mahali pengine, ondoa tangi la petroli na ufungue nyaya za betri kwanza. Fundi asemaye hakuna haja, mwache na haraka zake.

NG'OA digadi ya mbele inayobana tope, hilo halina ubishi. Lakini vaa miwani, maana tope lile litakutafuta usoni.

WEKA sproketi kubwa nyuma ikiwa unapanda na mzigo. Utapata nguvu na kupoteza mwendo. Usije kulalamika tambarare.

USIDHANI springi mbili za ziada zimeongeza uwezo wa pikipiki. Zimeinua mzigo tu. Tairi, spoku na breki zimebaki zilezile, na mzigo uliorudi nyuma ya ekseli unaliinua gurudumu la mbele hadi usukani unakuwa pambo.

USITOBOE bomba la moshi. Kelele haivuki tope.

USIKALISHE abiria juu ya vidumu vya petroli. Sitaeleza sababu.

USISAFIRI usiku. Uchomeleaji uwe mzuri namna gani, hausaidii kitu mbele ya watu wenye bunduki, na Bapere, sekta ilimo Manguredjipa, imeona mengi.

KAUSHA breki kila unapotoka majini: zishike kidogo kidogo huku unakwenda polepole. Breki ya ngoma iliyolowa haishiki.

JARIBU chombo kipya kwenye mteremko mfupi ukiwa umepakia magunia ya mchanga, bila abiria. Ukibana breki na gurudumu likaendelea kuzunguka, kizime ukikokote hadi garajini. Usikipande.